Antioksidanti, Kuvu za Mimea na Afya ya Ini

Antioksidanti hutajwa mara nyingi pamoja na manufaa ya matunda na mboga. Ni nadra kuelezwa kwamba kemikali hizo hubadili pia maisha ya kuvu zinazoshambulia mimea, na kwamba mabadiliko hayo yanahusu ini la binadamu.

Kuvu hukua kama nyuzi nyembamba. Mazingira yanapokuwa magumu, molekuli kali za oksijeni huongezeka ndani ya nyuzi hizo. Kwa baadhi ya kuvu, ongezeko hilo ni ishara ya kubadili umbo: nyuzi hujisokota zikawa vidonge vigumu vinavyoweza kuishi udongoni kwa muda mrefu. Katika maabara, kuvu iitwayo Rhizoctonia solani, adui wa viazi na mpunga, ilipopewa vitamini C ilipungukiwa na uwezo wa kuunda vidonge hivyo.

Kwa Aspergillus flavus, kuvu ya mahindi na karanga, mkazo wa aina hiyo huchochea utengenezaji wa aflatoksini, sumukuvu yenye madhara makubwa. Watafiti wa Marekani waligundua kwamba ngozi nyembamba inayofunika kokwa ya wolnati ina asidi ya galiki, antioksidanti inayozuia utengenezaji wa sumu hiyo. Asidi ya kafeiki nayo hupunguza sumu bila kudumaza kuvu yenyewe. Basi wingi wa kuvu si kipimo cha wingi wa sumu, na mahindi yanayopendeza macho huenda yasiwe salama.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa aflatoksini na 125 kati yao wakafariki. Anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka hukabiliwa na saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Upishi wa kawaida hauiondoi.

Matokeo ya maabara hayajawa tiba, wala vidonge vya vitamini C havisafishi unga uliochafuka. Kinga ni kuanika mahindi juu ya turubai hadi unyevu usizidi asilimia 13, kuyahifadhi pakavu, kutenga punje zilizovunjika au kubadilika rangi, na kupata chanjo ya homa ya ini B. Mhudumu wa afya anayepokea wagonjwa kadhaa wa kijiji kimoja wenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, aulize pia kuhusu nafaka wanayokula, na atoe taarifa mapema.