Kitenzi "Pakia" na Safari ya Faili Kuelekea Hifadhi ya Wingu

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kompyuta, kitenzi pakia hutaja tendo la kupeleka faili kutoka kwa mtumiaji hadi kwenye hifadhi iliyo mbali, nacho pakua hutaja kinyume chake. Jozi hii inafuata kauli ya kutendua, kama ilivyo ziba na zibua, na imetokana na shughuli za shehena. Sitiari hiyo inafaa, ila ina upungufu mmoja: inaonyesha tendo moja mahali penye matendo matatu, yaani kutoa kibali, kusafirisha na kuthibitisha. Makala hii inafafanua matendo hayo kwa kutumia mfano wa idara inayokusanya rekodi za fasihi simulizi kupitia programu ya wavuti.

2.0 Shehena Kupitia kwa Seva

Utaratibu wa kutuma faili kwa fomu ya wavuti ulielezwa katika waraka wa RFC 1867 mwaka 1995. Katika muundo wa kawaida, seva ya programu huipokea faili, kisha huipeleka kwenye hifadhi, mathalani Amazon S3 iliyoanza mwaka 2006. Hivyo kila baiti husafiri mara mbili. Rekodi ya saa moja ya sauti isiyofinywa, ya stereo, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, hufikia takriban megabaiti 635. Watafiti 10 wakituma rekodi kama hizo kwa wakati mmoja, seva hubebeshwa zaidi ya gigabaiti 6 ambazo hazikuhitaji kupitia kwake.

3.0 Matendo Matatu

3.1 Kibali

Katika muundo ulio bora zaidi, seva haibebi faili bali hutoa kibali. Humtambua mwombaji, hukagua haki yake, kisha humpa anwani iliyotiwa saini. Saini hiyo hukokotolewa kwa ufunguo wa siri usiomfikia mtumiaji, nayo hufunga mambo matatu: tendo linaloruhusiwa, jina la faili na muda wa kibali. Katika S3 muda huo hauwezi kuzidi siku 7. Aghalabu dakika chache hutosha, kwani hifadhi hukagua muda pale ombi linapopokelewa.

Jina la faili sharti liundwe na seva. Watafiti wawili wakileta "rekodi1" katika hifadhi isiyotunza matoleo ya awali, faili ya pili huifuta ya kwanza. Jina alilolitoa mtafiti litunzwe katika hifadhidata.

3.2 Safari

Baada ya kupata kibali, kivinjari huipeleka faili moja kwa moja hifadhini. Faili kubwa hugawanywa. S3 hupokea hadi sehemu 10,000 kwa faili moja, kila sehemu ikiwa na angalau megabaiti 5, isipokuwa ya mwisho. Rekodi iliyotajwa hapo juu, ikigawanywa kwa megabaiti 10, hutoa sehemu 64. Mtandao ukikatika katika sehemu ya 40, hiyo pekee ndiyo hurudiwa. Hata hivyo, sehemu za safari isiyokamilika hubaki hifadhini na kulipiwa hadi zifutwe. Kwa hiyo kanuni ya kuzifuta baada ya siku kadhaa ni ya lazima.

3.3 Uthibitisho

Tendo hili ndilo linalosahauliwa kwa wepesi, kwa kuwa kitenzi pakia hakilitaji. Kauli ya kivinjari kwamba safari imekwisha ni dai tu. Seva yapasa kuiuliza hifadhi yenyewe: je, faili ipo? Ukubwa wake ni ule uliotarajiwa? Alama ya ukaguzi, inayokokotolewa kutokana na baiti zote, inalingana na ile ya faili asilia? Kadhalika, aina ya faili ibainishwe kwa kuchunguza yaliyomo, wala si kwa herufi za mwisho wa jina lake. Baada ya hapo tu ndipo hifadhidata iandike kwamba faili imepokelewa.

4.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba tofauti kati ya "imetumwa" na "imepokelewa" si ya istilahi tu. Mtafiti akionyeshwa neno la pili kabla ya wakati wake, hufuta rekodi kwenye kinasa sauti ili apate nafasi ya nyingine. Iwapo msimuliaji amekwisha kufariki, hakuna safari ya pili itakayoirejesha sauti yake. Programu inayotenganisha matendo haya matatu, na kumweleza mtumiaji lipi limekamilika, humwezesha kujua ni lini anaweza kuifuta nakala yake.