Vigae vya Mawe Bafuni: Jaribu kwa Mguu Uliolowa

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nataka tuingie pamoja mahali ambapo wengi hatupafikirii tunapotaja afya: bafuni.

Watu wengi wakijenga au wakirekebisha nyumba hutaka bafu la kisasa lenye shawa. Badala ya sakafu ya saruji, wengine hutia vigae vya mawe ya asili. Si jambo baya. Jiwe hupendeza na hudumu miaka mingi. Lakini jiwe baya bafuni linaweza kukuletea ajali, na jiwe zuri lililosafishwa vibaya linaweza kukuletea sumu.

Nitakupa mfano. Niliwahi kumtembelea mama mmoja aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa ametia bafuni marumaru iliyong'arishwa, unajiona ndani yake kama kioo. Siku ya pili ya kuitumia, mama alikanyaga povu la sabuni, akaanguka kwa ubavu. Tulimkimbiza hospitalini. Tunamshukuru Mungu, mtoto alizaliwa salama. Lakini mama alikuwa amevunjika mkono, na kwa wiki nyingi hakuweza kumbeba wala kumwogesha mwanawe. Aliniambia, "Sista, jiwe hili tulilinunua kwa uzuri wake. Hakuna aliyetuambia tulikanyage kwanza likiwa limelowa."

Maneno hayo ya mama ndiyo somo letu la leo.

Jinsi ya kuchagua jiwe

Kabla ya kulipa pesa, omba kipande kimoja dukani au kwa fundi. Kifanyie majaribio matatu nyumbani.

Jaribio la kwanza ni la mguu. Weka kipande chini, kimwagie maji na sabuni kidogo. Shika ukuta au meza, kisha ukikanyage kwa mguu mtupu na kuusukuma mbele taratibu. Ukiteleza, jiwe hilo lisiwe sakafu ya bafu. Linaweza kwenda ukutani. Kwa sakafu tafuta jiwe ambalo uso wake haukung'arishwa, lenye ukwaruzo kidogo lakini lisilokata nyayo za mtoto. Pia vigae vidogo ni salama kuliko vikubwa, kwa sababu mianya mingi kati yake husaidia mguu kushika.

Jaribio la pili ni la maji. Dondosha tone la maji juu ya kipande kikavu, usubiri dakika kumi. Tone likibaki juu, jiwe halinywi maji sana. Likizama na kuacha doa jeusi, jiwe linakunywa maji, na litakunywa pia sabuni, mafuta ya mtoto na uchafu. Bado unaweza kulitumia, lakini ni lazima lipakwe dawa ya kuziba vitundu vyake, na lipakwe tena kila linapoanza kunywa maji.

Jaribio la tatu ni la ndimu. Tia tone la maji ya ndimu kwenye kona ya kipande. Likitoa mapovu madogo, au likiacha alama iliyopoteza mng'ao, jiwe hilo linaliwa na asidi. Marumaru halisi, kama ile inayochimbwa Kajiado, huliwa na asidi. Mawe ya matumbawe ya pwani na mawe mengine ya chokaa ni vivyo hivyo. Graniti ni ngumu na huvumilia zaidi. Mawe ya Mazeras ni mchanga ulioshikamana ukawa mwamba. Hayatelezi upesi yakiwa hayajalainishwa, lakini yanaweza kunywa maji, kwa hivyo yahitaji kuzibwa.

Wakati wa kutia vigae

Fundi akikata mawe, vumbi hutoka jingi. Vumbi hilo ni laini mno, na likiingia kifuani kila mara huharibu mapafu. Mwombe fundi akate nje, akitumia maji, na avae barakoa. Watoto na mama mjamzito wakae mbali. Usifagie vumbi hilo likiwa kavu. Linyunyizie maji kwanza.

Hakikisha sakafu inainama kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Kwa kila mita 1, sakafu ishuke kama sentimita 2. Maji yakituama, utelezi huota hata juu ya jiwe lenye ukwaruzo. Na kama nyumbani kuna mzee au mama mjamzito, mwambie fundi akaze chuma cha kushikilia ukutani. Ndoo na bomba si vitu vya kushikilia.

Dawa ya kuziba mawe hupakwa vigae vikiwa safi na vikavu kabisa. Soma maagizo kwenye mkebe. Nyingi zina harufu kali, kwa hivyo fungua madirisha, na mtoto mchanga asiwe karibu mpaka harufu iishe.

Jinsi ya kusafisha

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Maji ya visima katika sehemu nyingi, hasa pwani, yana chumvi. Yakikauka huacha ukoko mweupe juu ya mawe. Mama akiona ukoko huo huchukua siki, ndimu, au ile dawa kali ya kusafishia choo. Ukoko unaondoka kweli, lakini asidi imekula na jiwe. Uso wa jiwe unabaki na vitundu, uchafu unaingia humo, na mwezi unaofuata unahitaji dawa kali zaidi. Hata kama jiwe lenyewe linavumilia asidi, saruji iliyo katikati ya vigae haivumilii. Itamomonyoka, maji yapite chini, na vigae vianze kung'oka.

Sasa sikiliza kwa makini. Dawa ya choo ikishindwa, wengine huongeza ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi wetu huiita jiki. Mama, usifanye hivyo kamwe! Asidi na klorini zikikutana hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho, koo na mapafu. Katika bafu dogo lisilo na dirisha, hewa hiyo inaweza kuua. Usichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Hata mkojo wa watoto sakafuni uusuuze kwanza kwa maji mengi kabla ya kutia klorini.

Njia iliyo salama ni rahisi, na haina gharama kubwa:

1. Kila baada ya kuoga, suuza povu lote, kisha kausha sakafu na kuta kwa kitambaa au kwa mpira wa kukaushia maji. Maji yasipokaukia juu ya jiwe, ukoko haupati nafasi.
2. Fungua dirisha. Unyevu huleta kuvu, ile madoa meusi kwenye mianya, na kuvu humsumbua mtoto mwenye pumu.
3. Mara moja kwa wiki, sugua kwa brashi laini, maji ya vuguvugu na sabuni ya maji isiyo na ndimu wala siki. Usitumie mchanga, jivu wala sabuni ya unga yenye kukwaruza.
4. Usipake sakafu ya bafu nta wala mafuta ili ing'ae.
5. Rudia jaribio la tone la maji angalau mara moja kwa mwaka. Likizama, paka dawa ya kuziba tena.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kuhara na unahitaji kuua viini, osha kwanza kwa sabuni, suuza, kisha utumie klorini peke yake, ikiwa imezimuliwa kama maagizo yasemavyo. Fungua dirisha, halafu suuza tena. Dawa hizi zote ziwekwe juu, mahali mtoto hafiki, na zisitiwe kwenye chupa ya soda.

Ajali ikitokea

Mama mjamzito akianguka, aende hospitalini hata kama anajisikia vizuri. Asingoje kabisa akiona damu, maji yakitoka, tumbo likiuma, au mtoto akipunguza kucheza.

Mtoto au mzee akigonga kichwa, mpeleke mara moja akitapika, akisinzia kupita kawaida, akipoteza fahamu, akitoka damu masikioni au akishindwa kusimama.

Mtu akivuta hewa ya dawa, mtoe nje penye hewa safi kwanza. Usirudi ndani kusafisha. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha muende hospitalini. Mtoto akinywa dawa, usimtapishe. Mchukue pamoja na chupa ya dawa hiyo, mkimbie kituo cha afya.

Kumbuka

Mpenzi msikilizaji, huenda umesema moyoni, "Mimi sina uwezo wa marumaru." Hata sakafu yako ya saruji huteleza ikiota utelezi, na saruji pia huliwa na asidi. Kwa hivyo somo hili ni letu sote.

Usilichague jiwe kwa jicho peke yake. Lijaribu kwa mguu uliolowa. Lisafishe kwa sabuni na ulikaushe. Dawa usichanganye.

Leo jioni, kabla ya kumwogesha mtoto, ingia bafuni peke yako na uikague sakafu. Ukiona mahali panapoteleza, paondolee utelezi leo, wala usingoje mtu aanguke.