Debbie Allen: Unamjua Kama Dr. Catherine, Lakini Densi Ndiyo Ilimtoa

Kama umewahi kukesha na Grey's Anatomy, unamjua Dr. Catherine, mamake Jackson Avery. Yule mathe akiingia hospitali, kila daktari anakaa rada. Wengi walimwona hapo mara ya kwanza 2011 wakadhani ni mwigizaji tu amepata kibarua uzeeni. Zii! Huyo ni Debbie Allen, na tangu 2015 yeye ni mmoja wa maprodyuza wakuu wa hiyo sirizi. Episodi kibao ni yeye direkta. Na yote ilianzia kwa densi.

Alizaliwa Houston, Texas, 1950, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa waziwazi. Mtoi alipenda ballet vibaya sana. Mathake, mshairi Vivian Ayers, aliwahi hata kuwahamisha watoto wake hadi Mexico wapumue kidogo. Kurudi Houston, Debbie akajaribu shule ya ballet, akakataliwa sababu ya rangi. Mwaka uliofuata akaingia. Akiwa 16 akajaribu nyingine, North Carolina, na huko ndio ngori: walimtumia kuonyesha wengine stepu, alafu wakamwambia mwili wake haufai. Aliumia hadi akaacha densi kabisa. Ni huko Howard University ambapo mwalimu Mike Malone alimrudisha sakafuni.

Broadway wakamjua kupitia Raisin, 1973. Alafu 1980 akacheza Anita kwa West Side Story, akateuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Sasa shika hapa. Mwaka huo huo alikuwa na kisehemu kidogo sana kwa filamu ya Fame. Unaeza sahau alikuwa. Lakini TV walipoifanya sirizi 1982, akarudi kama Lydia Grant, yule ticha wa densi asiye na mchezo, na nyuma ya kamera ni yeye alikuwa anapanga hizo densi. Hiyo si kazi rahisi. Kwa jukwaa mnafanya mazoezi wiki kadhaa, na mtazamaji anaona mwili wote. Kwa TV, kila episodi inataka densi mpya, na kamera ndiyo inaamua uone mguu ama uso. Ukipanga densi bila kujua kamera iko wapi, umeharibu. Msee akishajua hivyo, amebakisha kidogo tu kuwa direkta, na ni kwa Fame hiyo hiyo alianza kudirekti. Emmy za densi akabeba 1982 na 1983.

1988 akapewa A Different World, sirizi ya wanafunzi weusi chuoni ambayo msimu wa kwanza ilikuwa imepoa. Akabeba waandishi hadi Atlanta wakaone vyuo vyenyewe, wasikie vijana wanaongea nini. 1991 wakatoa episodi kuhusu Ukimwi, Whoopi Goldberg akiwa ndani, wakati TV nyingi zilikuwa zinaogopa hata kutaja. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yake kali zaidi, kushinda hata Fame.

2001, yeye na bwanake Norm Nixon, aliyekuwa anachezea Lakers, wakafungua shule ya densi Los Angeles, Debbie Allen Dance Academy. Watoi wanafunzwa mitindo mingi huko. Na ndio, hata ballet iko.