Wanaorudi Chuoni Ukubwani



 Ndugu mwanafunzi, katika makala hii tunapenda tuzungumzie wale wazee wetu tunaowaona wakiingia chuoni baada ya Isha, juzuu zao zikiwa zimefichwa ndani ya vikapu au chini ya makoti. Tunasema zimefichwa kwa sababu wengi wao huona haya. Mtu ana miaka hamsini na tano, ana wajukuu, mtaani ndiye anayeitwa kusuluhisha ugomvi wa watu, kisha anakaa mkekani kusoma alifu na be ambazo mjukuu wake alizimaliza zamani.

Wanakuja kwa njia mbalimbali. Yupo aliyesilimu ukubwani. Yupo aliyeanza chuo akiwa mdogo, shule ya bweni ikamchukua, kisha kazi, na sasa amestaafu. Wapo mama zetu walioondolewa chuoni mapema ili wasaidie kazi za nyumbani; hao utawakuta wanajua kasida na maulidi kwa moyo tangu mwanzo hadi mwisho, lakini ukiwafungulia msahafu hawaitambui hata herufi moja.

Kinachowasukuma wengi ni Sala. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, Suratul Fatiha ni nguzo katika kila rakaa, na rakaa za faradhi kwa siku ni 17. Wale wenu waliokwisha soma Safinatun Najaa wanakumbuka kwamba mwandishi wake anazihesabu shada za Fatiha moja moja mpaka zinatimia 14. Anayesoma "iyaka" bila ya shada ameacha herufi. Sasa mfikirie mzee aliyeipata Fatiha kwa kusikia tu, na kwa miaka arubaini hakuna aliyemsahihisha. Siku anapohudhuria darsa ya mlango huu, moyo humwenda mbio. Hapo tunakuombeni sana, msimwambie kwamba Sala zake zote zimekwenda bure. Wanazuoni wamepambanua baina ya mtu asiyeweza kabisa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kujifunza akapuuza, na kila mmoja ana hukumu yake. Suala hilo apelekewe sheikh. Kazi ya mwanafunzi ni kumsaidia aisome vizuri kuanzia leo.

Wako wanaosema kwamba watu hawa wamechelewa, na hutoa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Wengine hutumia ule usemi mashuhuri unaofananisha elimu ya utotoni na mchoro juu ya jiwe, na elimu ya ukubwani na maandishi juu ya maji. Imam al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ametaja katika kitabu chake Adabud Dunya wad Din kwamba al-Ahnaf bin Qays aliusikia usemi huo akaujibu: mtu mzima ana akili nyingi zaidi, ila moyo wake una shughuli nyingi zaidi. Kwa maoni yetu jibu hili lina faida kubwa kuliko usemi wenyewe, kwa sababu linatuonyesha tatizo liko wapi. Mzee hakosi fahamu. Anakosa faragha. Mtoto akitoka chuoni anakwenda kucheza; mzee akitoka anakwenda kufikiria ada za shule, mgonjwa aliye nyumbani na deni la dukani.

Na ukitazama historia utaona kwamba darasa la kwanza la Uislamu lilikuwa na watu wazima wengi. Mtume (S.A.W.) aliteremshiwa wahyi akiwa na miaka 40, na wengi wa waliomfuata Makka walikuwa watu wazima wenye biashara na familia. Abu Hurayra (R.A.) alifika Madina mwaka wa 7 Hijria akiwa mtu mzima, na ndiye aliyepokelewa hadithi nyingi kuliko Masahaba wote. Salih bin Kaysan wa Madina alisoma kwa az-Zuhri hali ya kuwa yeye ndiye mkubwa kwa umri kuliko mwalimu wake.

Lakini anayetufaa zaidi sisi Mashafii ni al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria (1026). Jina lake linatokana na qufl, neno lilelile tunaloliita kufuli, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa fundi hodari, na husimuliwa kwamba alitengeneza kufuli na ufunguo wake kwa udogo wa kushangaza. Alipofika kiasi cha miaka 30 ndipo alipoanza kusoma fiqhi. Akawa sheikh wa Mashafii wa Khurasani. Kwake alisoma Abu Muhammad al-Juwayni, baba wa Imamul Haramayn, na Imamul Haramayn ndiye aliyemsomesha al-Ghazali. Silsila hiyo imepita katika mikono ya mtu aliyeanza akiwa na ndevu.

Hapa kwetu pwani tunaye Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925), mzaliwa wa Ngazija. Yeye hakuwa mzee, lakini alikwisha kuwa kadhi Unguja zama za Sayyid Barghash alipouacha ukadhi akasafiri kwenda kutafuta elimu, Istanbul, Misri na Makka, hata aliporejea mwaka 1888 akawa kadhi tena. Si wepesi kwa kadhi kukaa tena mbele ya mwalimu.

Sasa tuje kwenye ulimi, maana hapa ndipo watoto wanapocheka. Kiswahili kimechukua maneno mengi ya Kiarabu na kuyalainisha. Qalam imekuwa kalamu, khabar imekuwa habari, ilmu yenye ayn imekuwa elimu, na ruhu yenye ha nzito imekuwa roho. Mzee amesema "kalamu" kwa miaka hamsini. Ukimwonyesha qaf, ulimi wake unakwenda kwenye kaf wenyewe. Wewe ulianza na miaka mitano, ulimi wako ulikuwa bado haujazoea. Vitabu vya Yasini vilivyoandikwa kwa herufi za Kirumi navyo humzidishia tabu, kwa kuwa mara nyingi ta mbili, sini na sadi, na ha mbili huandikwa sawasawa.

Njia tuliyoiona inafaa ni kuanza na Fatiha kwa mdomo, mwalimu anasoma na mzee anafuata, aya moja kwa wiki ikibidi, huku herufi zikisomwa pembeni. Mtu mzima hushika haraka akielezwa maana, kwa hiyo msimnyime tafsiri. Nyumbani asikilize kisomo cha taratibu, kama kile cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary (1917–1980), kwenye simu yake. Atafutiwe msahafu wa herufi kubwa na akae karibu na taa. Wako waliodhaniwa wazito wa kufahamu kumbe walihitaji miwani tu. Na akibabaika akumbushwe hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba anayesoma Qur'ani kwa taabu ana malipo mawili.

Mwanafunzi wa darasa la juu akipewa mzee wa kumsomesha, amwamkie kwanza shikamoo, ndipo wafungue juzuu. Akikosea, amrudishie neno kwa sauti ya chini, wala asimwite aliye mbali aje asikie. Na mzee akikosa wiki mbili kwa sababu ya msiba au kuvuna, asiulizwe mbele za watu alikuwa wapi. Tia alama ya penseli pale alipoishia, akirudi aanzie hapohapo.