Rakaa Mbili Mpakani: Sala ya Msafiri Aliyezuiliwa (Sehemu ya Tano)

Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilifunga ghafla mpaka wake na nchi yetu ya Kongo katika vituo vitatu: Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Chanzo kilikuwa bia na soda. Serikali ya Kinshasa ilikuwa imepiga marufuku kuingiza vinywaji hivyo kutoka nje, wasafirishaji wakaandamana Kasumbalesa, na waziri wa biashara wa Zambia, Chipoka Mulenga, akatangaza kwamba malango yafungwe. Siku chache baadaye yakafunguliwa. Magazeti yaliandika kuhusu ushuru, shaba na hasara ya matajiri wenye malori. Mimi niliwaza jambo moja ambalo halikuandikwa: madereva Waislamu na utingo wao, Watanzania, Wasomali na Wakongomani wenzetu, waliosimamishwa pande zote mbili za mpaka, walisali rakaa ngapi?

Wapo watakaoliona swali hili dogo. Nimewahi kusikia mtu mzima mwenye kanzu yake akisema kwamba foleni ya Mokambo inasamehe kila kitu, kwamba mtu akiwa njiani "atalipa akifika nyumbani". Na nimesikia wengine, majirani zetu wasio Waislamu, wakisema kinyume chake: kwamba dini yetu ni nzito mno kwa mtu wa kazi, haimwachi apumue. Kauli hizi mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinadhani kwamba faradhi iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kwake, mwenye birika la maji na mkeka uliotandikwa, na kwamba msafiri hakufikiriwa. Ukweli ni kwamba alifikiriwa kabla hatujazaliwa sisi wala lori.

Katika sehemu zilizotangulia tulieleza udhu, kutayamamu, nyakati za sala na sharti za Ijumaa. Sitayarudia. Lakini kabla ya kuingia katika hukumu, naomba msomaji anivumilie nimpitishe katika njia ninayoipenda kuliko zote za Afrika, njia inayopita hapohapo Mokambo.

Ukitoka Mufulira ukavuka mpaka Mokambo, unaingia katika ile pembe ya ardhi ya Kongo iliyochomoza ndani ya Zambia, ambayo Wabelgiji waliiita buti la Sakania. Barabara ya Pedicle inaikata pembe hiyo kwa kilomita kama 70, kisha inafika Chembe kwenye mto Luapula, ambako tangu 2008 kuna daraja badala ya pantoni. Ng'ambo ya mto unarudi Zambia, na ukifuata Luapula kuelekea kaskazini unafika nchi ya Kazembe. Mpaka huu wa ajabu ni mtoto wa mashindano ya Wazungu. Alfred Sharpe alifika Bunkeya mwaka 1890 akitaka saini ya Mfalme Msiri wa Katanga kwa ajili ya kampuni ya Cecil Rhodes, akarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa William Stairs kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, ukiwa umebebwa na wapagazi wa Kiswahili kutoka Zanzibar na Bagamoyo, na tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson akamuua Msiri kwa risasi. Katanga ikawa ya Leopold, na mstari ulipokuja kuchorwa, pembe ya Sakania ikabaki upande wetu.

Lakini Waislamu walikuwa wameshatangulia. Misafara ya watu wa pwani ilifika Katanga na Luapula miongo kadhaa kabla ya Stairs, ikifuata pembe za ndovu na shaba, ile shaba iliyofuliwa kwa umbo la msalaba ambayo wazee wetu waliitumia kama fedha. Said bin Habib alivuka bara zima, na mwaka 1852 wafanyabiashara wa Zanzibar walifika Benguela, kwenye bahari ya magharibi. Fikirini mtu aliyezoea kusikia adhana ya Zanzibar, yuko Benguela, na bado jua likipinduka anajua ni adhuhuri.

Yule ninayemkumbuka zaidi ni Muhammad bin Salih. David Livingstone alipofika kwa Kazembe, Novemba 1867, alimkuta mzee huyu mwenye ndevu nyeupe, mcheshi, akiishi katika kijiji chake karibu na mji wa mfalme. Alikuwa ameingia nchi ile kwa biashara, akanyang'anywa mali yake, kisha akazuiliwa asiondoke. Alikuwa amekaa humo zaidi ya miaka kumi na kuwaona akina Kazembe wanne wakishika kiti. Livingstone alikuwa na barua ya Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar. Barua hiyo pamoja na maombi yake ndivyo vilivyomfungulia mzee njia, na hatimaye akafika Ujiji.

Basi tuichukue hali ya mzee huyu kama suala la fiqhi. Mtu ametoka kwake kwa safari halali ya mbali. Amefika mahali ambapo si kwake. Kila siku anatamani kuondoka, na kila siku anaambiwa kesho. Je, ni msafiri au ni mkazi? Na akiwa ni msafiri, ni msafiri mpaka lini? Hili ndilo swali la dereva wa Mokambo, tofauti ni kwamba mlinzi wa mlango wake si Kazembe bali ni karatasi za forodha.

Qur'ani imetaja kupunguza sala kwa anayesafiri katika Sura ya Nne, aya ya 101, na aya hiyo imetaja hofu ya adui. Ya'la bin Umayya alimuuliza Umar bin Khattab: watu sasa wako katika amani, mbona bado wanapunguza? Umar akamjibu kwamba hata yeye lilimshangaza jambo hilo, akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamweleza kuwa hiyo ni sadaka kutoka kwa Mwenyezi Mungu, basi ipokelewe. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na kwangu ndiyo msingi wa mlango wote huu. Anayepunguza hakwepi wajibu. Amepewa zawadi, na adabu ya zawadi ni kuipokea kwa mikono miwili na kuitumia kama alivyoagiza mtoaji.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki na wa Somalia, safari inayoruhusu kupunguza ni ya kilomita zipatazo 80 na zaidi. Dereva aliyetoka Dar es Salaam akapitia Tunduma na Kapiri Mposhi amepita kipimo hicho mara nyingi. Adhuhuri, alasiri na isha zinakuwa rakaa mbili mbili. Magharibi inabaki tatu na alfajiri mbili. Ana ruhusa pia ya kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, na nia ya kupunguza aiweke pale anapohirimia sala. Wenye kufuata Abu Hanifa, nao ni wengi miongoni mwa Waislamu wa Zambia wenye asili ya Bara Hindi, wanapunguza lakini hawakusanyi isipokuwa katika hija, huko Arafa na Muzdalifa. Kwa hiyo dereva akimwona imamu upande wa Mufulira hakusanyi, asimdhanie kuwa hajui, na imamu naye asimkaripie.

Sasa kuzuiliwa. Shafi anagawa hali mbili, na hapa naomba madereva wasome taratibu. Ya kwanza: mtu anafika mahali akiwa amekwisha kunuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Huyo safari yake imekatika tangu alipofika. Atasali sala zote kamili. Dereva ambaye wakala wake wa forodha amemwambia waziwazi kwamba mzigo hautatoka kabla ya wiki moja kupita, naye amekubali kusubiri, yumo humu. Ya pili: mtu ana haja anayoitarajia itimie wakati wowote, leo jioni au kesho asubuhi, na ikitimia tu ataondoka. Huyo anaendelea kupunguza hadi siku kumi na nane, kisha anatimiza. Idadi hiyo imetoka katika kukaa kwa Mtume (S.A.W.) Makka mwaka wa Ufunguzi, mwaka wa 8 Hijria, kama alivyosimulia Imran bin Husayn, ingawa katika riwaya ya Ibn Abbas ni siku kumi na tisa. Waliokwama Mokambo ule mwezi wa Agosti, wasijue lango litafunguliwa saa ngapi, walikuwa katika hali hii ya pili bila shaka yoyote.

Kwa Abu Hanifa mpaka ni nia ya kukaa siku kumi na tano. Asiye na nia hiyo, kila siku akisema kesho, anapunguza hata miaka ikipita. Wanazuoni wametaja mfano wa Abdullah bin Umar, aliyezuiwa na theluji huko Azabajani miezi sita, akawa anasali rakaa mbili. Waibadhi, madhehebu ya Waomani wengi waliotawala na kufanya biashara Zanzibar, wamekwenda mbali zaidi: mtu ni msafiri maadamu hajapafanya mahali hapo kuwa makwao. Ukimpima Muhammad bin Salih kwa mizani ya Shafi, alitakiwa kutimiza sala zake kabla mwezi wake wa kwanza haujaisha. Kwa mizani ya Abu Hanifa angeweza kupunguza kwa muda wote wa miaka ile. Tofauti hii hainitishi hata kidogo. Inanionyesha jinsi watu wale walivyokaa kumfikiria mtu mmoja aliyekwama mbali na kwao, wakapima hali yake siku kwa siku.

Lakini kuna sharti moja ambalo Mashafi wamelishikilia na ambalo halipendwi kutajwa. Safari isiwe ya maasi. Anayesafiri kwa ajili ya dhambi hapati ruhusa ya safari. Sala ni wajibu wake kamili, na dhambi yake iko palepale. Nami siwezi kuisifu misafara ya pwani bila kusema hili. Wengi wa wafanyabiashara wale walirudi na watu waliotekwa, wamefungwa minyororo, wamebebeshwa pembe. Kumteka mtu huru na kumuuza ni miongoni mwa dhambi kubwa kabisa, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wa mwenye kufanya hivyo Siku ya Kiyama. Kanzu haikuwatakasa watu hao, na ruhusa ya rakaa mbili haikuwa yao.

Leo minyororo hakuna, lakini sharti limebaki. Magendo yanayopita usiku pembeni ya Mokambo, mizigo iliyoandikwa jina lisilo lake, hongo iliyofungwa ndani ya pasi: mwenye kusafiri kwa ajili ya hayo ajiulize anapunguza sala kwa haki gani. Na ile shehena iliyozua ugomvi wote wa Agosti ilikuwa na kreti za bia. Hadithi ya pombe imelaani watu kumi, na mchukuzi ni mmoja wao. Najua dereva hamiliki lori, najua ana watoto wanaosubiri karo. Bado nasema: Muislamu akiweza kuomba apangiwe saruji, unga au shaba, aombe, na akikataliwa aanze kutafuta tajiri mwingine.

Nafasi imeniishia, nami sijafika kwenye mambo madogo ambayo madereva huniuliza zaidi. Niyataje kwa ufupi. Kibla: aliyezoea Dar es Salaam, ambako Makka iko karibu kaskazini kabisa, akifika Mokambo ageuke kidogo kulia, nyuzi kama 19 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Kutayamamu: vumbi jekundu la Katanga linafaa likiwa safi, lakini si lile lililomwagikiwa dizeli, wala vumbi la madini ya shaba yaliyosagwa, kwa kuwa kwa Shafi hilo si udongo. Kusali nyuma ya imamu mkazi: timiza rakaa nne pamoja naye hata kama wewe ni msafiri. Ukiwa imamu wewe msafiri na nyuma yako kuna wakazi wa Mokambo, toa salamu baada ya rakaa mbili na uwaambie wakamilishe, kama alivyokuwa akifanya Umar alipowasalisha watu wa Makka. Ijumaa haikulazimu, lakini ukihudhuria inakutosha badala ya adhuhuri.

Saumu ina mlango wake. Masahaba walisafiri pamoja na Mtume (S.A.W.) katika Ramadhani, wengine wamefunga na wengine wamefungua, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kwa Shafi kufunga ni bora kwa asiyepata taabu. Anayesinzia kwenye usukani afungue, kwa sababu roho za watu barabarani ni amana. Siku zote alizofungua atazilipa. Namna ya kuzilipa kwa dereva ambaye mwaka mzima yuko njiani, na kama anaruhusiwa kweli kufungua kila Ramadhani, wanazuoni wa Kishafi wamezungumza sana, na hilo litakuwa somo la sehemu ya sita.

Kwa sasa nawaomba viongozi wa misikiti ya Lubumbashi jambo moja. Hukumu hizi ziandikwe katika karatasi moja, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibemba, zipelekwe Mokambo, Sakania na Kasumbalesa pamoja na matangi ya maji na mikeka, ziwekwe pale malori yanapoegeshwa.