Nguvu Nyingi, Mkanda Mwembamba: Utangulizi wa Giaboksi za CVT

Uliza katika gereji za Dar es Salaam au Nairobi kama giaboksi ya CVT inafaa kwa injini kubwa, na mara nyingi utajibiwa kwa mkato: hiyo ni ya Vitz na Passo, injini kubwa itaitafuna. Jibu hilo lina chanzo chake, na tutakifikia. Lakini gereji hizohizo hupokea Subaru Forester XT za kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012, zilizotoka Japani na injini ya turbo ya lita 2.0 yenye nguvu 280 za farasi, na giaboksi yake ni CVT. Swali la nguvu, basi, ni mlango mzuri wa kuingilia fani hii, kwa sababu anayelijibu sawasawa hujikuta amejifunza msuguano, haidroliki na tabia za mafuta kwa pamoja. Karibu.

CVT ya kawaida ina puli mbili, moja upande wa injini na nyingine upande wa magurudumu. Kila puli ni koni mbili zinazotazamana. Koni zikisogeleana, mkanda hupanda kuelekea ukingoni; zikiachana, mkanda huzama kuelekea shafti. Puli moja ikifunguka nyingine hujifunga, na uwiano wa mwendo hubadilika bila hatua. Mholanzi Hub van Doorne ndiye aliyeuingiza mpango huu katika magari ya watu wa kawaida, kwa DAF 600 ya mwaka 1958. Gari hilo lilikuwa na mikanda ya mpira na injini ya nguvu 22 za farasi, na sifa ya unyonge ilianzia hapo. Mkanda wa chuma uliozaliwa baadaye katika kazi yake ni kitu kingine kabisa: mamia ya vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa ubavu kwa ubavu juu ya mafungu mawili ya pete, kila pete ikiwa na unene wa takriban milimita 0.2. Tumezoea mkanda unaovuta. Huu husukuma: puli ya injini hukandamiza vipande, kila kimoja kikisukuma mwenzake hadi puli ya pili.

Sasa tuje kwenye nguvu. Nguvu za farasi hutokana na vitu viwili vilivyozidishwa: torki, yaani ukali wa kusokota shafti, na kasi ya mzunguko. Kinachoutishia mkanda hasa ni torki. Mwaka 1993 timu ya Williams ililijaribu gari lake la Formula 1 likiwa na CVT ya mkanda wa chuma, dereva akiwa David Coulthard. Injini ya Renault ya V10 ilitoa nguvu zaidi ya 700 za farasi, lakini kwa kuzunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Piga hesabu, utaona kwamba torki yake ilikuwa kama Newton-mita 400 tu. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 ya miaka hii ina torki ya 500, kwa nguvu 204 za farasi. Kwa mkanda, pikapu hiyo ni mzigo mzito kuliko gari la mashindano. Kanuni za mwaka 1994 zikaipiga marufuku CVT katika Formula 1, na jaribio likaishia hapo. Naliona kuwa pigo kubwa kwa fani yetu, maana hakuna uwanja ambao ungetufundisha haraka zaidi.

Torki hupitaje kwenye nyuso laini zilizolowa mafuta? Kwa kubanwa. Kipimo cha msuguano kati ya vipande na koni ni kama 0.09, kidogo sana. Gari linapoondoka, mkanda umezama kwenye puli ya injini, tuseme umbali wa milimita 35 kutoka katikati ya shafti. Kwa torki ya Newton-mita 90, kama ya Vitz ya lita 1.0, koni zinapaswa kubana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja na nusu. Kwa torki ya 400 unahitaji zaidi ya tani sita, juu ya vipande vichache vinavyoigusa puli kwa wakati huo. Tena kwenye kuondoka ndipo kigeuza-torki kilichoko kati ya injini na giaboksi huiongeza torki zaidi. Wakati mgumu kuliko wote unaukuta mkanda ukiwa mahali pabaya kuliko pote.

Ukielewa hapo, umeelewa maamuzi mengi ya watengenezaji. Mwaka 2018 Toyota ilitangaza CVT yenye gia ya kawaida ya meno kwa ajili ya kuondokea tu. Mkanda hupokea kazi gari likishashika mwendo. Audi, na baadaye Subaru, walichagua mnyororo wa chuma badala ya mkanda wa vipande. Ule wa Audi ulifika Newton-mita 400, na kampuni ikaachana nao mwaka 2014. Maoni yangu ni kwamba kilichoushinda si fizikia. Kubana sana kunadai pampu ya mafuta yenye shinikizo kubwa, na pampu hiyo inakula nguvu ya injini muda wote. Kufikia hapo giaboksi za otomatiki za gia nane zilikuwa zikibeba torki kubwa zaidi kwa hasara ndogo zaidi. CVT iliweza, gharama yake ndiyo iliyokuwa kubwa.

Ziko njia zisizotumia mkanda. Mwaka 1999 Nissan iliingiza kwenye Cedric na Gloria, zenye injini ya V6 ya turbo ya nguvu 280, CVT ya visahani na roli. Roli hubanwa katikati ya visahani vilivyopinda, na badala ya chuma kugusa chuma, utando wa mafuta maalumu ndio unaopitisha torki: chini ya shinikizo kali mafuta hayo hukakamaa kwa kitambo kidogo mno, kisha hurudia kuwa majimaji. Katika matrekta, Fendt ya Ujerumani ilileta mwaka 1995 mfumo unaogawa nguvu mara mbili, sehemu ipite kwenye haidroliki na sehemu kwenye gia za meno. Kadiri trekta linavyoongeza mwendo, ndivyo sehemu ya meno inavyokua. Leo matrekta ya mfumo huo yanapita nguvu 500 za farasi, na hulima siku nzima. Anayesema CVT haibebi nguvu nyingi hana budi kutaja ni CVT ipi.

Jibu la gereji, hata hivyo, si la kupuuzwa. Mafundi wetu wameona mikanda mingi iliyokufa, na mara nyingi chanzo ni mafuta. Oili ya otomatiki ya kawaida imechanganywa ili klachi zishike kwa ulaini. Ya CVT hulinda ule msuguano wa 0.09 kati ya chuma na chuma. Ukiweka ya kwanza mahali pa ya pili, tani zilezile za kubana hazitoshi tena, na mkanda huanza kuteleza hata kwenye injini ndogo.

Kuisoma fani hii unahitaji hesabu za sekondari, uvumilivu na, ukibahatika, giaboksi mbovu ambayo fundi atakuruhusu kuifungua. Anza na uso wa koni. Ukiwa mzima, hauna mwanya wala mfereji unaoukamata ukucha ukiupitisha kutoka katikati hadi ukingoni. Ukikuta mikwaruzo inayouzunguka karibu na shafti, pale mkanda unapozama gari likiondoka, mkanda uliteleza hapo. Hesabu ya tani sita itakuonyesha ni kwa nini hapo.