Usimuulize Fundi Peke Yake

Swali ninaloulizwa zaidi hapa gereji, Tabata, ni hili: "Fundi, gari gani halisumbui?" Mteja anataka nimtajie jina moja akanunue, mambo yaishe. Mimi humwambia kwamba fundi awe mtu wa mwisho kuulizwa. Kwangu linaletwa gari bovu. Zima liko barabarani na mwenyewe hana shida na mimi. Aina iliyojaa mjini ndiyo itakayojaa uani kwangu, hata kama ni imara kuliko zote. Kuhesabu mabovu bila kujua mazima ni mangapi ni sawa na kupima afya ya mji kwa kuhesabu waliolazwa wodini.

Dalali naye ana la kwake: anataka kuuza. Kwa hiyo mimi huamini taarifa yenye sifa mbili. Iwe imekusanywa na mtu asiyefaidika na mauzo, na iwe imeandikwa siku ileile jambo lilipoonekana.

Anza na gari lenyewe. Mengi tunayonunua yametoka Japani, na mengi ya hayo yamepita mnadani. Huko mkaguzi wa mnada hulizunguka gari na kulijazia karatasi. Alama ya jumla ikiwa 4 au 4.5, gari limetunzwa. Ikiwa R au RA, kiunzi chake kimewahi kurekebishwa, mara nyingi kwa sababu ya ajali. Kando kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya bodi iliyonyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi inaonyesha ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa. Mwombe muuzaji karatasi hiyo, ulinganishe namba ya chesisi na iliyogongwa kwenye bodi, halafu usome kilomita. Karatasi ikisema 148,000 na dashibodi ikisema 68,000, aga uondoke.

Gari likitoka Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu, kazi ni nyepesi zaidi. Kule gari likishatimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT. Ukiwa na namba yake ya usajili ya huko, unasoma bure kwenye intaneti kilomita au maili za kila ukaguzi, lilifaulu au lilifeli, na lilifelia nini.

Namba ya chesisi itakusaidia pia kuokoa maisha. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifaa vya kujaza mifuko ya hewa kwa kutumia nitrati ya amonia. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali kifaa hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Magari kwa makumi ya mamilioni yaliitwa duniani kote yakabadilishiwe, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu, kuanzia Mtwara hadi Mombasa. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, hata ikibidi ile ya Kijapani, uone kama lako limo.

Baada ya hapo ndipo uulize kuhusu aina. Ujerumani, wakaguzi wa TÜV hutoa kila mwaka ripoti ya magari waliyoyakagua, wakiyapanga kwa umri na kuonyesha asilimia ya yaliyokutwa na kasoro kubwa. Humo mazima na mabovu yote yamehesabiwa. Marekani liko shirika la Consumer Reports, lililoanzishwa mwaka 1936, ambalo halipokei matangazo na huwauliza wamiliki wenyewe gari liliharibika nini. Ukitafuta humo, kumbuka majina hubadilika: Vitz ya kwetu Ulaya iliitwa Yaris, Honda Fit ni Jazz, Demio ni Mazda2. Hakikisha na aina ya injini, kwa sababu jina moja linaweza kubeba injini tofauti.

Kwenye matengenezo nako kuna taarifa inayosomwa vibaya kila siku. Taa ya injini ikiwaka, mashine ya kupimia inatoa namba, tuseme P0171. Mteja mmoja aliniambia, "Fundi, si ubadilishe tu hiyo sensa?" Nikamjibu, "Mama, ngoja tupime kwanza." Namba hiyo inasema mafuta ni machache kulinganisha na hewa, basi. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Fundi anayetaja spea kabla ya kupima anakisia kwa pesa yako.

Hata hivyo, ripoti ya Ujerumani haijaonja vumbi la Dodoma wala matuta yetu. Za kwetu lazima tuziandike wenyewe. Hapa gereji kila gari lina ukurasa wake: tarehe, kilomita, mteja alilalamikia nini, tulipima nini, spea gani ilibadilishwa na namba yake. Mdai fundi wako akuandikie hivyo na atie sahihi, kisha daftari likae pamoja na kadi ya gari. Nawe ukimpata muuzaji mwenye daftari la namna hiyo, mwongezee bei bila kinyongo. Wanunuzi tukianza kuulipia ukweli, wauzaji wataanza kuutunza.